Kimea na Mapato ya Wanachama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Huenda wengine watastaajabu kusikia pombe ikizungumzwa katika mkutano wa ushirika, ambako desturi ni kuzungumza juu ya kahawa, pembejeo na hesabu za mwaka. Hata hivyo, mtu hawezi kudai kuyajua mapato ya mwanachama ikiwa anakijua tu kile kinachopita katika mizani ya chama. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa mfano, kahawa ilianza kuuzwa kwa umoja tangu wakulima walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na Chama Kikuu cha KNCU kikafuata mwaka 1933. Fedha hizo za kahawa kwa kawaida ziliandikwa kwa jina la mume. Mama wa nyumba alikuwa na fedha zake nyingine, nazo zilitoka katika ndizi, maziwa na mbege. Mwezi Julai 1989 mgao wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika na bei ikaporomoka, fedha hizo ndogo za akina mama ndizo zilizoendelea kununua chumvi, sabuni na daftari za watoto katika nyumba nyingi. Basi shughuli iliyobeba mzigo huo yastahili kutazamwa kwa makini uleule unaotumika kutazama mazao mengine.

Mazungumzo haya hayana nia ya kusifu ulevi, wala ya kumshawishi anayekatazwa na dini yake kunywa au kutengeneza kileo. Yanataka kueleza mambo matatu: kazi hii inavyofanyika, hatari zake zilipo, na mahali faida yake inapopotelea.

KIMEA NI NINI

Pombe nyingi za nafaka, iwe bia ya Ulaya au pombe ya mtama ya Afrika, huanzia mahali pamoja, nako ni katika kimea. Punje ya nafaka imejaa wanga, na wanga hauwezi kugeuka kileo wenyewe. Punje inapoloweshwa na kuanza kuota, huzaa ndani yake vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuugeuza wanga kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mtengenezaji wa pombe huingia hapo katikati: huiacha punje ianze kuota, kisha huikausha kabla mche haujaila sukari yote.

Huko Ulaya nafaka itumikayo ni shayiri. Katika Afrika Mashariki shayiri hustawi katika nyanda za juu zenye baridi tu, kama vile Narok nchini Kenya au upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Kwa hiyo tangu zamani wananchi wametumia ulezi na mtama. Wasidhani kuwa walichagua kwa kukosa kilicho bora. Ulezi ni miongoni mwa nafaka za nchi za joto zenye nguvu kubwa ya kimea, na mabibi wa vijijini waliijua sifa hiyo kabla haijapimwa katika maabara yoyote.

Namna ya kutengeneza kimea cha ulezi ni hii. Ulezi hupepetwa na kuoshwa mpaka maji yawe safi. Huloweshwa usiku kucha au siku moja, maji yakibadilishwa angalau mara moja. Kisha humwagwa, ukatandazwa juu ya majani safi ya mgomba au gunia safi, ukafunikwa na kunyunyiziwa maji kidogo kwa muda wa siku mbili au tatu. Mizizi midogo ikishatoka, huanikwa juani juu ya mkeka, si juu ya ardhi tupu, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Ndipo husagwa.

Kuna jambo moja ambalo huharibu kimea cha wengi. Vimeng'enya hufanya kazi vizuri katika maji ya moto wa kiasi cha nyuzi 65 hadi 68, na hufa yakichemka. Mwenye kipimajoto atapima. Asiye nacho atachanganya maji yachemkayo sehemu mbili na maji baridi sehemu moja, kisha atie unga wa kimea, afunike chombo kwa blanketi na kuacha kwa saa moja. Uji mzito utakuwa mwepesi na mtamu. Atakayeumimina unga katika maji yanayotokota atapata uji tu, na sukari atalazimika kuinunua dukani.

BIA YA ULAYA NA HOPSI

Yafaa wanachama wajue jinsi wenzao wa ng'ambo wanavyofanya, kwa kuwa kulinganisha huleta maarifa. Bia rahisi ya nyumbani huko Uingereza au Marekani huhitaji vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, hopsi na chachu. Kwa lita 20 hutosha kilo 4 za kimea kilichovunjwavunjwa, gramu 30 za hopsi na gramu 10 za chachu kavu. Kimea hukaa katika maji ya moto kwa saa moja, maji matamu huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi kwa saa nyingine, kisha hupozwa upesi mpaka yawe ya uvuguvugu mdogo. Chachu hutiwa, chombo hufunikwa, na baada ya juma moja au mawili bia huwa tayari kutiwa chupani. Katika chupa huongezwa sukari kiasi cha gramu 6 kwa kila lita ili bia ipate povu. Anayezidisha sukari hiyo hujitafutia balaa, kwani chupa hupasuka na vigae vyake hujeruhi watu.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, machungu sana. Uchungu huo hukata utamu wa kimea, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuzuia baadhi ya vijidudu vinavyochachusha bia kupita kiasi. Mmea huo huhitaji mchana mrefu wa kiangazi ili utoe maua yake vizuri, ndiyo maana haukukubali kuwa zao la nchi zilizo karibu na Ikweta, na viwanda vya bia vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka nje.

Hata huko ng'ambo bia ya nyumbani haikuwa huru sikuzote. Nchini Uingereza mtengenezaji alidaiwa leseni tangu mwaka 1880, na sharti hilo likaondolewa mwaka 1963. Nchini Marekani pombe ilipigwa marufuku kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipokwisha, bia ya nyumbani ilisahauliwa katika sheria, ikabaki kosa mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya mwaka 1978. Sheria hiyo iliruhusu kiasi maalumu kwa kila nyumba, kwa matumizi ya wenyewe na si kwa kuuza. Tofauti hiyo, kati ya kutengeneza kwa kunywa nyumbani na kutengeneza kwa kuuza, ndiyo ambayo katibu wa chama hana budi kuikumbuka.

MBEGE

Mbege hutofautiana na bia kwa kuwa sukari yake nyingi hutoka katika ndizi mbivu. Ndizi humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Hupozwa, huchanganywa na maji, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Upande wa pili hupikwa uji wa kimea cha ulezi, uitwao mso, pamoja na gome la mti wa msesewe. Uji ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake kinywaji huwa tayari. Gome la msesewe huleta uchungu kama uletwao na hopsi. Ni lazima litiwe kidogo, kwa kuwa mti huo una dawa kali ndani yake na waganga wa jadi huutumia hivyo.

Chachu ya mbege haitoki dukani. Hukaa katika vyombo na katika masalio ya pombe iliyotangulia. Mtaalamu wa Kifaransa Louis Pasteur alitoa mwaka 1876 kitabu chake juu ya bia, akaonyesha kuwa uharibifu wa bia huletwa na vijidudu vya namna nyingine vinavyoingia pamoja na chachu. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akifanya kazi katika kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kuikuza chachu safi peke yake. Funzo lao kwa mama wa kijijini ni jepesi: chombo kichafu huchachusha pombe kabla ya mnunuzi kufika. Vyombo vioshwe, visuguliwe, vimwagiwe maji yachemkayo, vikaushwe juani. Pombe ikishapoa isiguswe kwa mkono wala kwa kata ambayo haikuoshwa.

HATARI ZISIZOFANYIWA MZAHA

Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walirudi kutoka mazikoni wakanywa pombe ya kienyeji. Waliokufa walikuwa 75, na wengine zaidi ya mia moja waliugua. Hapo mwanzo wananchi walisema kuwa pombe ilitiwa nyongo ya mamba, na hofu ya uchawi ikaenea. Uchunguzi wa maabara ulionyesha mambo mengine. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko, na ndani yake bakteria walikuwa wametengeneza sumu isiyoondolewa na kupikwa. Aliyeipika pombe ile hakuwa na nia ya kumdhuru mtu, naye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Ndugu wanachama, jambo hilo lisimuliwe katika kila chama. Ipo tabia ya kusema kwamba nafaka iliyooza haifai kwa ugali lakini yafaa kwa pombe. Tabia hiyo ni ya kuua. Nafaka yenye ukungu huwa pia na sumukuvu, ambayo hudhuru ini polepole, na kuchemsha hakuimalizi. Nafaka isiyofaa kwa chakula cha mtoto haifai kwa kimea.

Hatari ya pili ni vyombo. Pombe ni chachu, na uchachu hula madini. Kusini mwa Afrika waganga wa hospitali waliwaona watu wengi wenye chuma kilichozidi mwilini na ini lililoharibika, na chanzo kimojawapo kilikuwa pombe iliyotengenezwa katika vyungu na mapipa ya chuma. Ndoo ya bati nayo haifai kuchachushia. Pipa lililobeba dawa ya mibuni au mafuta lisitumike hata likioshwa mara saba. Chungu cha udongo, pipa la mti au chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula ndivyo vinavyofaa.

Hatari ya tatu ni tamaa ya kuongeza ukali. Pombe iliyochachuka kwa kimea au ndizi safi haina methanoli ya kiasi cha kuua. Sumu hiyo huingia pale mfanyabiashara anapochanganya spiriti ya viwandani katika kinywaji ili kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa hivyo katika mitaa ya maskini ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Mtengenezaji mwaminifu hatii kitu asichojua kilikotoka.

Kuhusu sheria, Tanzania inayo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inayotaka leseni kwa uuzaji, na upo utaratibu mwingine kwa pombe zinazokenekwa kwa moshi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kenya iliweka sheria yake mpya mwaka 2010. Gongo si mbege, na ruhusa ya kimoja si ruhusa ya kingine. Kabla ya kikundi chochote kuanza kuuza, katibu aulize katika ofisi ya biashara ya halmashauri na kuhifadhi jibu katika jalada.

FAIDA HUPOTELEA WAPI

Sasa yafuata ya daftari. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa mama mmoja ametengeneza lita 100 za mbege. Amenunua ulezi kwa shilingi 18,000, kuni 10,000, gome 2,000, na amelipa kusaga 2,000. Jumla aliyotoa mkononi ni 32,000. Anauza lita moja kwa shilingi 800. Lita 10 zimekwenda kwa kuonjwa na majirani, lita 15 zimekopwa, na lita 75 zimelipiwa. Amepata 60,000. Akiulizwa atasema amepata faida ya 28,000, na ataondoka amefurahi.

Lakini ametumia mikungu minne ya ndizi kutoka kihambani, na kwa kuwa hakuinunua hakuihesabu. Kila mkungu ungemletea 6,000 sokoni bila kuni wala moshi wa macho, yaani 24,000 kwa yote. Basi faida yake ni 4,000 kwa kazi ya juma zima. Lile deni la lita 15, ambalo ni 12,000, ni mara tatu ya faida yote. Wadaiwa wakilipa, amepata 16,000. Wasipolipa, amefanya kazi karibu bure.

Chanzo cha hasara hiyo si uvivu wala ujinga. Mbege haikai. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili ni kali, na baada ya hapo ni chachu isiyonyweka. Mnunuzi ajua hivyo, naye hungoja jioni ya siku ya pili ili akope. Mwenye mali inayoharibika hana nguvu ya kupanga bei. Wazungu waliipata nguvu hiyo kwa hopsi, kwa chachu safi na kwa chupa iliyofungwa. Mtu mmoja mwenye chungu kimoja hawezi kujenga kiwanda, lakini hatua moja katika safari hiyo iko wazi kwake. Pombe haikai, kimea hukaa. Kimea kilichokauka vizuri na kuhifadhiwa mahali pasipo unyevu huweza kungoja miezi, na atakayekitaka hununua kwa fedha taslimu.

Tena kimea hakina mnunuzi mmoja. Kinatumika katika togwa, kinywaji ambacho hata asiyegusa pombe hukinywa. Na kina kazi bora kuliko zote, ambayo wataalamu wa lishe wa Tanzania waliieneza katika miaka ya 1980. Uji mzito wa mtoto ukitiwa kijiko kidogo cha unga wa kimea huwa mwepesi bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi kwa kikombe kilekile. Uji huo uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto, na mizizi ya kimea iondolewe kwa kusuguliwa kabla ya kusaga.

MAPENDEKEZO KWA VYAMA

Kutokana na hayo, yafuatayo yafaa kufikiriwa na kila kamati.

Kwanza, chama kinunue ulezi kwa pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kukataa kabisa gunia lolote lenye ukungu au lililolowa. Mtunza ghala aandike tarehe na jina la aliyeuza.

Pili, kikundi cha akina mama kitengewe sakafu safi ya kuanikia na mashine moja ya kusaga, badala ya kila mmoja kuanika penye kuku na vumbi. Mkopo wa chama utolewe kwa kutengeneza kimea kabla ya kutolewa kwa pombe yenyewe, kwa kuwa dhamana yake yaonekana ghalani.

Tatu, kila mwenye kutengeneza afungue daftari lenye safu nne: alichonunua, alichotoa shambani kwa bei ya soko, alichouza taslimu, na alichokopesha kwa majina. Katibu asaidie asiyejua kuandika, wala asione haya kwamba hesabu hiyo ni ndogo.

Nne, nafaka ya chakula ilindwe. Mwaka wa ukame, mkutano mkuu uwe na haki ya kuamua kuwa ulezi wa ghala la chama utoke kwa uji wa watoto tu.

Tano, malipo ya mazao yasifanyike karibu na kilabu, na mkutano wa chama usifanyike penye pombe. Mengi yaliyopitishwa mbele ya kata ya mbege yalikanushwa asubuhi yake, na mkaguzi hapokei muhtasari ulioandikwa hivyo.

Wapo watakaosema kuwa mambo ya vyungu ni ya jikoni na hayahusu ushirika. Lakini ushirika wa kahawa wenyewe ulianza kwa wakulima waliokataa kuuza kila mtu peke yake kwa mnunuzi aliyejua kuwa hawana pa kwenda. Mama anayeuza mbege jioni ya siku ya pili yuko katika hali hiyohiyo leo. Kamati zinaombwa kulijadili jambo hili katika kikao kijacho, na kuleta majibu kwa maandishi katika ofisi ya Chama Kikuu kabla ya mavuno ya ulezi.